Mbeba Bastola wa Baba

Ijumaa ile, siku ya ibada huku Doha, Loice alitoka kanisani na amani ya Bwana moyoni, nayo ikamdumu dakika nne, labda tano. Alipofika kwenye kivuli cha ule ukuta wa Abu Hamour, pale Wakenya wanaposimama kungoja usafiri na kula chapati za mama mmoja anayezitoa kwenye begi kama mtu anayeficha mtoto, aliwakuta wanaume watano wamejikusanya wanabishana kuhusu dubu.

Naam, dubu. Doha, mwezi wa saba, joto la kukaanga yai juu ya boneti, nchi isiyo na kichaka cha kumficha hata sungura, na wanaume wazima wenye wake na watoto wanatoana jasho kujua kama mtu anayekwenda kuwinda kwenye misitu ya dubu abebe na bastola kiunoni, au bunduki yake inamtosha.

"Bastola ni lazima," Tevin alikuwa akisema. Tevin alikuwa dereva wa familia moja ya hapo hapo Abu Hamour, na yote aliyoyajua kuhusu dubu aliyapata kwenye simu, akiwa ndani ya gari, akingoja watoto wa tajiri wake watoke shule. "Bunduki ni ya mbali. Dubu akishakufikia hapa, hapa kifuani, utaizungusha aje? Unachomoa bastola, pa! pa! Imeisha hiyo."

"Zi, zi," mwingine akamkatiza. "Mpango ni ile dawa ya pilipili. Unampulizia ya macho, anaenda zake akilia."

"Na upepo ukikurudishia?"

"Si unasimama upande mzuri wa upepo, bana!"

Loice alitafuna chapati yake polepole akiwatazama. Huyu wa pilipili alimjua vizuri. Mwezi uliopita alihamisha godoro lake hadi chumba cha jirani kwa sababu aliona mende mmoja, tena mende mwenyewe alikuwa ameshakufa. Leo anamwelekeza dubu pa kusimama. Ama kweli wanaume wakikosa kazi ya mikono wanapewa kazi ya mdomo.

Alikuwa na haki ya kudharau, au aliamini anayo. Miaka tisa alikuwa askari wa wanyama katika hifadhi ya jamii kule Laikipia, mwanamke mmoja katika kikosi cha wanaume kumi na saba. Alikuwa amelala porini mvua ikimnyeshea, amefuata damu ya faru kwa siku mbili, amezika mbwa na amezika watu. Sasa ana miaka thelathini na tisa, amesimama mlango wa wanawake wa jengo moja la ofisi kule West Bay akiwa na redio ya mkononi na tochi ndogo, anawaonyesha watu lifti. Wanaomzunguka hawajawahi kuona nyati ila kwenye noti ya pesa. Aliwavumilia kwa shida.

"Muulizeni Mike basi," Tevin akasema. "Si yeye ndiye anaenda? Mike ni ranger wa kweli, msilete mchezo. Mike, waambie! Bastola ama si bastola?"

Loice akashusha chapati yake.

Mike alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, amekunja mikono, ametabasamu tabasamu la mtu mwenye jino bovu. Mike alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake Carolyne, ambaye nyumbani humwita Karo, na kabla ya kuja Doha miaka mitatu iliyopita alikuwa akiuza suruali za mitumba Nyahururu, karibu na stendi. Ranger? Mike aliogopa kuku. Hiyo si kejeli. Jogoo wa mama mkwe wake aliwahi kumfukuza hadi barabarani siku ya kupeleka posa, na wazee wote waliona.

"Inategemea," Mike akasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea na dubu." Kisha akamwona Loice, na rangi ikamtoka. "Shem! Uko? Hebu njoo kidogo, tuongee pembeni."

Walisogea hadi kwenye gari la tajiri ambaye Mike ni dereva wake, wakaingia, Mike akawasha AC. Loice hakungoja.

"Ranger. Wewe."

"Shem, usianze kunitukana, nisikize kwanza."

"Sijakutukana bado. Nikianza utajua."

Mike akasema yote mbio mbio, macho yakiwa kwenye usukani. Tajiri wake, ambaye yeye na wafanyakazi wote wa ile vila humwita Baba kama ilivyo desturi ya nyumba za huku, alikuwa akienda Alaska mwezi wa tisa kuwinda. Kila mwaka husafiri na falkoni wake, wale ndege wa kuwindia, lakini mwaka huu amechoka na ndege, anataka dubu. Kule kuna kiongozi wa uwindaji, mwenyeji wa huko, ndiyo sheria yao. Lakini Baba hamwamini mtu asiyemjua. Anataka nyuma yake, hatua tatu, atembee mtu wake mwenyewe mwenye bastola, ili dubu akitoka ghafla huyo mtu amalize kazi. Na huyo mtu ni Mike. Visa imetoka. Karatasi za bastola zinashughulikiwa.

"Kwa nini wewe?" Loice akauliza. "Ana madereva watatu. Ana mpishi mwenye nguvu za ng'ombe."

Mike akatoa simu, akaitafuta picha, akampa.

Ilikuwa CV. Juu kabisa jina la Mike na picha yake amevaa tai ya kuazima. Chini yake: askari wa wanyamapori, miaka tisa. Mafunzo ya silaha. Huduma ya kwanza. Amekabiliana na nyati aliyejeruhiwa na kupewa barua ya sifa kwa ushujaa. Loice alisoma polepole, kisha akarudia, na mikono ikaanza kumwasha. Hata makosa ya tahajia aliyatambua. Chini kabisa, kwenye mambo anayopenda, palikuwa pameandikwa: netiboli, na kuimba sauti ya kwanza kwaya ya akina mama.

"Hii ni yangu," akasema.

"Karo alikuwa nayo kwenye flash, akaipeleka saiba kwa kijana wa kompyuta iwe mfano wa kuandikia yangu. Yule kijana wa saiba akabadilisha jina, akachapisha. Mimi nilitia sahihi tu, shem. Ejenti alikuwa ananiharakisha. Walahi sikusoma."

"Miaka mitatu hujasoma?"

"Nilisoma nikiwa kwenye ndege."

Loice aliangua kicheko ambacho hakikuwa na furaha hata chembe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mike naye akajaribu kucheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha wa bosi.

"Na netiboli? Huyo Baba hajawahi kukuuliza kuhusu netiboli?"

"Aliniuliza. Nikamwambia kwetu wanaume pia hucheza."

"Mungu wangu! Mike, wewe ni mjinga, unajua? Si mjinga wa kawaida. Wewe ni mjinga wa kuagizwa kutoka nje."

"Sawa, mimi mjinga. Lakini nisaidie." Aliushika usukani kwa mikono yote miwili. "Nikisema ukweli, nimedanganya kwenye karatasi, nitarudishwa nyumbani. Karo ana mimba ya miezi sita, ya ile likizo yangu ya Januari. Binti yetu Jeptoo ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza. Nikinyamaza, nitaenda kusimama nyuma ya mzee wa watu na bastola, na mimi sijawahi kushika hata ile ya maji. Leo saa kumi na moja Baba ananingoja. Binamu yake yuko, yule Bu Saad, anasema bastola ni lazima. Baba anasema ataamua akisikia neno langu. Wewe niambie tu la kusema. Ndiyo ama hapana, na sababu moja ya kitaalamu. Moja tu."

Hapo ndipo Loice alipoacha kucheka. Aliangalia mikono ya shemeji yake juu ya usukani, mikono laini ya mtu wa kukunja suruali, na akaiona imeshika chuma, na mbele yake mgongo wa mtu. Aliuona ule mgongo waziwazi. Ulikuwa na shati la kijani, jasho limeuchora katikati.

"Hapana," akasema. "Mwambie hapana."

"Na sababu?"

"Mwambie bastola ni ya wanaume wanaoogopa."

"Hiyo siwezi kumwambia Baba, shem!"

"Basi nitamwambia mimi. Twende."

Mike akamgeukia kana kwamba amesema wakaibe benki. Alibembeleza, akalia kidogo, akamtaja Karo, akamtaja mtoto tumboni. Loice akafunga mkanda, akatazama mbele. Ukaidi wake huo huo ndio uliomfikisha Doha, na ndio uliomfanya akae miaka sita bila rafiki wa maana.

Mwanamke haingii majlisi, sebule ya wageni wanaume, hivi hivi, kwa hiyo Baba aliwapokea kwenye chumba cha nje, kando ya gereji, anakoweka vifaa vya kuwindia. Kilikuwa chumba cha baridi kali. Ukutani mahema, darubini, mabuti ya kila rangi ambayo hayajawahi kukanyaga tope. Falkoni wawili walikaa kwenye vigingi vyao wamevishwa kofia za ngozi, watulivu kuliko kila mtu chumbani. Loice aliwasalimu hao kwanza, kimoyomoyo, maana ndio pekee waliokuwa na fani humo ndani.

Baba alikuwa mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye macho ya taratibu. Aliagiza chai ya karak iletwe. Binamu yake Bu Saad, mnene, mwenye saa kubwa, alikuwa ameshaketi na mezani mbele yake ametandaza picha za bastola, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua vigae vya bafu. Walizungumza Kiingereza cha Doha, kile kinachotosha kila mtu na kisichokuwa cha yeyote.

"Huyu ni shemeji yangu, Baba," Mike akasema, mgongo umempinda. "Naye alikuwa ranger. Alitaka kukusalimu."

"Ranger wawili nyumba moja!" Baba akafurahi. "Karibu, dada. Basi utatuamulia. Binamu yangu anasema dubu hukimbia kuliko farasi, na akikufikia bunduki ni fimbo tu. Anataka Mike abebe bastola. Mimi sina hakika. Umewahi kuwa karibu na mnyama mkali?"

"Nimewahi."

"Ukiwa na nini?"

"Bastola."

"Ahaa!" Bu Saad akapiga paja. "Si nilisema?"

Loice akamtazama. Alikwisha kuwaona wengi wa namna hii, waliokuja hifadhini na kofia mpya za ukingo mpana, wakitaka kupigwa picha kando ya simba aliyepigwa sindano ya usingizi. Huuliza ukubwa wa risasi kabla ya kuuliza mnyama anaishi wapi. Wanaamini woga wa mtu hukaa kiunoni, ukiuvisha ngozi nzuri basi umekwisha. Alijaa dharau mpaka ikampa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Bastola inamfanya mtu akaribie mahali ambapo angekaa mbali," akasema. "Anasema moyoni, nina hii, na kumbe hana kitu. Wapo wanaoijua kweli. Wamefyatua maelfu ya risasi, mkono unajua wenyewe. Mmoja katika mia. Wale wengine, dubu akitoka, hawamwoni dubu. Wanaona manyoya na kelele. Na aliye nyuma ana taabu zaidi, kwa sababu kati yake na dubu yupo mtu. Mtu huyo ni wewe, Baba."

"Lakini Mike ameshamkabili nyati," Baba akasema. "Nimeisoma habari ya barua yake kwenye CV. Ndiyo sababu nilimwajiri. Dereva nitampata popote, lakini mtu asiyekimbia ni adimu."

Mike aliinamisha kichwa. Loice alimsikia akipumua kwa mdomo. Angeweza kuishia hapo. Sababu ya kitaalamu ilikuwa imetolewa, moja tu, kama alivyoombwa. Lakini Baba alikuwa akimtazama Mike kwa heshima, heshima ya kweli, kwa sababu ya ile barua, na Loice hakuweza kuivumilia ile heshima. Ilimchefua. Miaka sita alikuwa ameitembeza barua hiyo kwenye bahasha ya plastiki, kila mahojiano ya kazi, na kila mara mtu fulani alimtazama namna hiyo hiyo.

"Barua si yake," akasema. "Ni yangu. CV yote ni yangu, ilinakiliwa. Huyu aliuza nguo sokoni. Hajawahi kushika silaha, na kuku humkimbiza."

"Shem," Mike akanong'ona. "Shem, aki Mungu."

Bu Saad akaanza kusema kitu kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa. Baba akainua mkono mmoja kumzuia.

"Endelea," akamwambia Loice.

"Na barua yenyewe ni ya uongo."

Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Hakumwambia Carolyne, hakumwambia mchungaji. Alistaajabu jinsi lilivyotoka kwa urahisi, hapo kati ya mabuti mapya.

Akasimulia. Walikuwa watatu kwenye doria, yeye na Lenny na mzee mmoja wa kufuata nyayo. Bunduki zilikuwa pungufu siku hiyo. Lenny alipewa moja, na meneja wa hifadhi akamwazima Loice bastola yake mwenyewe, kinyume cha sheria, akamwambia, chukua hii, ya kujilinda tu. Ilikuwa bastola nzuri. Aliifurahia. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alitembea kama wanaume walivyotembea, mkono mmoja umelegea karibu na kiuno. Walikuwa wakimfuata nyati mwenye jeraha la mtego. Kwa kawaida yeye ndiye aliyewazuia wengine wasiingie kwenye vichaka vinene. Siku hiyo yeye ndiye aliyesema tuingie.

"Nyati alitoka mbele. Lenny alifanya sawasawa. Alipiga goti, akaweka bunduki begani, akatulia. Alijua kazi yake. Angempiga, naapa angempiga. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua tatu." Alimtazama Baba. "Hatua tatu. Nilichomoa. Nilifyatua mara nne, na sijui nilifyatua nini. Moja ilimwingia Lenny mgongoni, chini ya bega. Bunduki ikamwanguka. Ndipo nyati akamfikia."

Hakuna aliyegusa chai.

"Meneja alikuja, akaokota maganda ya risasi kabla polisi hawajafika. Bastola haikupaswa kuwa mkononi mwangu, angefungwa yeye pia. Nyati alikuwa amemharibu mwili, hakuna aliyechungulia sana. Yule mzee wa nyayo alikimbia mwanzoni, hakuona. Ikaandikwa ameuawa na nyati, na kwamba mimi nilibaki kumwokoa mwenzangu. Nikapewa barua. Nami nikaipokea, Baba. Nilinyoosha mikono yote miwili nikaipokea."

Falkoni mmoja alijitikisa manyoya, njuga ya mguuni ikalia kidogo.

"Ilikuwa ya ukubwa gani?" Bu Saad akauliza.

"Nini?"

"Hiyo bastola. Risasi ya ukubwa gani? Maana ndogo hizi zinaruka sana mkononi. Ukichukua kubwa, nzito kama hii hapa," akasukuma picha moja mezani, "mkono unatulia. Labda tatizo lilikuwa ukubwa."

Loice alimtazama yule mtu kwa muda. Alitafuta lile neno lake kali, analo siku zote, huwa liko tayari ulimini. Halikuwepo. Kwa sababu yeye mwenyewe, usiku mwingi pale chumbani kwao Najma, amelala kitanda cha chini, mwenzake akiwa cha juu, alikuwa amejiuliza swali hilo hilo. Kwamba labda ilikuwa ndogo mno. Labda springi yake ilikuwa laini. Labda meneja hakuisafisha.

"Nyamaza, ndugu yangu," Baba akamwambia binamu yake, kwa upole. Kisha akamgeukia Mike, ambaye alikuwa ameanza kulia waziwazi, mikono kwenye magoti. "Wewe. Umenidanganya miaka mitatu."

"Ndiyo, Baba."

"Unaendesha gari vizuri. Wanangu wanakupenda. Hujawahi kuchelewa hata siku moja. Mimi ndiye niliyetaka shujaa, nikamtafuta mahali pa dereva." Akafikiri. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi utawapeleka watoto kuogelea, kama kawaida. Alaska huendi. Na bastola haiendi. Lakini ukinidanganya tena, khalas, utarudi kwenu. Umenielewa?"

Mike akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Alikuwa ameokoka na alilijua hilo.

Loice akasimama. Alitaka kutoka kabla uso haujamsaliti. Kazi aliyokuja kuifanya ilikuwa imefanyika. Mgongo wa mzee huyu ulikuwa salama, na mume wa Karo atakuwepo mtoto akizaliwa, hata kama ni kwenye simu. Alikuwa mlangoni Baba alipomwita.

"Dada. Huyo Lenny alikuwa na mama?"

"Yuko. Anaishi Rumuruti."

"Anajua?"

Basi hapo ndipo alipopigwa. Si kwa ukali, maana mzee hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama mvua imenyesha. Loice alisimama na mkono kwenye kitasa.

"Anajua ni nyati," akasema.

"Ahaa," Baba akasema, akarudia chai yake.

Garini Mike alitaka kumshukuru. Alianza mara tatu. Asante shem, Mungu akubariki shem, sijui nikwambie nini shem. Loice akamwambia anyamaze aendeshe. Walikuwa kwenye foleni ya kuingia Najma, jua linashuka, mafundi wanarudi kwenye mabasi yao vichwa vimelazwa kwenye vioo. Aliwaza wale watano wa kwenye ukuta na pilipili yao, na jinsi alivyowacheka. Kujigamba kwao kulikuwa hakujamuua mtu. Miaka sita aliwadharau wanaume wote wa Doha kwa kujifanya wasivyo, na bahasha ya plastiki iko chini ya mto wake.

Mama Lenny alikuwa na desturi moja. Kila Krismasi Loice humpigia, na kila Krismasi yule mama humshukuru. Wewe ulikuwa naye, husema. Mwanangu hakufa peke yake. Humwombea kila jioni, kwa jina, kabla ya kuwaombea watoto wake mwenyewe waliobaki. Loice huitikia amina, kisha siku mbili nzima hali chakula, na wenzake chumbani humwita mama maringo.

Akatoa simu, akapiga. Mike alimtazama kwa pembe ya jicho, akapunguza AC.

"Loice! Mwanangu!" Sauti ilikuja pamoja na kelele za kuku na redio ya kanisa. "Leo si Krismasi na umenikumbuka? Uko salama huko jangwani? Wanakulisha vizuri?"

"Niko salama, mama."

"Bwana asifiwe. Ngoja nizime hii redio nikusikie vizuri, masikio yangu siku hizi ni ya kubahatisha."

Loice akasikia hatua zake za viatu vya mpira sakafuni, taratibu, kisha redio ikazimwa. Mbele yao taa ilikuwa imewaka kijani na magari ya nyuma yalikuwa yameanza kupiga honi. Mike hakuondoa gari.

"Haya, sema sasa, mwanangu. Nakusikia."

"Mama," Loice akasema, "keti kwanza. Aliyemuua Lenny si nyati. Ni mimi."